Wavuti iliyoandikwa na wasomaji wake

Kivinjari cha kwanza cha wavuti kilikuwa pia chombo cha kuandikia. Tim Berners-Lee alikitengeneza mwishoni mwa mwaka 1990 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva. Katika dirisha lake mtu aliweza kusoma ukurasa, kuurekebisha, kuutia kiungo kipya na kuuhifadhi, mradi awe na ruhusa ya kuigusa faili yenyewe. Kusoma na kuandika ilikuwa kazi moja.

Naanza hapo kwa sababu historia tuliyozoea kusimuliwa inakwenda kinyume chake. Tunaambiwa kwamba mwanzoni palikuwa na wavuti ya kusoma tu, kisha mnamo mwaka 2004 hivi ikaja wavuti mpya, Web 2.0, ambamo watu wa kawaida walianza kuchangia. Simulizi hiyo ni nyepesi kukumbukwa, ndiyo maana imeenea. Lakini inafunga katika fundo moja mambo matatu yenye vyanzo tofauti: ukurasa kuwa na uwezo wa kumjibu mtu, watu wenyewe kuwa ndio waandishi wa kilichomo, na watu hao kuwa na kauli juu ya mahali wanapoandikia. La kwanza lilikamilika mapema kuliko wengi wanavyodhani. La pili lilihitaji imani na sheria kuliko lilivyohitaji mashine. La tatu, kwa sehemu kubwa, halijatokea hadi leo.

Faili ilipogeuka kuwa jibu

Uandishi ulipoteaje njiani? Kivinjari cha Berners-Lee kilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT, ambazo watu wachache walikuwa nazo. Kilichoipeleka wavuti kwa umma ni Mosaic, kivinjari kilichotolewa mwaka 1993 na Marc Andreessen, Eric Bina na wenzao katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois. Mosaic ilionyesha picha ndani ya ukurasa, ikawekwa kwa urahisi kwenye kompyuta za kawaida, ikasambaa upesi. Ndani yake kulikuwa na jaribio la kumruhusu msomaji aambatishe maelezo yake kwenye ukurasa wa mtu mwingine, lakini halikudumu, na vivinjari vilivyofuata vikarithi kazi ya kusoma peke yake. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo CERN ilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti ni mali ya umma, isiyotozwa ada. Yeyote akawa ameruhusiwa kuchapisha. Ila kuruhusiwa si kuweza: ilibidi uwe na nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa na kuzituma kwa wanaoziomba, uijue HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, na uwe na programu ya kuhamishia faili.

Kilichobadilisha hali hiyo kinaeleweka vizuri ukijua jinsi kivinjari na seva zilivyokuwa zikizungumza. Kivinjari kinaomba ukurasa fulani. Seva inaitafuta faili yenye jina hilo, inaituma, kisha inasahau kila kitu. Ombi linalofuata, hata likitoka kwa mtu yuleyule sekunde moja baadaye, linapokewa kama la mgeni. Kwa mpango huo hakuna awezaye kuacha neno lake nyuma, wala kutambuliwa akirudi.

Kwanza zilikuja fomu, yaani visanduku vya kujaza maneno na kitufe cha kuyatuma. Pamoja nazo, mwaka 1993, ukaja utaratibu uitwao CGI, uliowezesha seva kuamsha programu badala ya kutoa faili: programu inapewa maneno yaliyojazwa kwenye fomu, inayafanyia kazi, na chochote inachokiandika ndicho mtu anachokiona kwenye kioo chake. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape, kampuni iliyotengeneza vivinjari, alibuni vidakuzi. Kidakuzi ni kipande kifupi cha maandishi ambacho seva inakikabidhi kivinjari, na kivinjari kinakionyesha tena kila kinaporejea. Hivyo seva isiyokumbuka ikapata namna ya kukumbuka. Nyuma ya vyote hivi ikawekwa hifadhidata, yaani ghala la taarifa zilizopangwa mstari kwa mstari.

Viunganishe, na ukurasa unaacha kuwa faili iliyolala kwenye diski. Unakuwa jibu linalotungwa papo hapo kila unapoombwa. Hapa ndipo kitovu cha suala zima. Ukurasa ukitungwa kutokana na hifadhidata, maneno ya mtu usiyemjua yanaweza kuwa mstari mmoja katika hifadhidata hiyo, na msomaji anayefuata atayakuta kana kwamba yalikuwapo siku zote. Maoni chini ya habari, tathmini ya bidhaa, maelezo ya video, ujumbe wa maneno machache kwenye mtandao wa kijamii: kiufundi vyote ni mstari huohuo. Yaliyovumbuliwa baadaye yalipunguza jasho la kuuandika mstari huo, au yalibadilisha nani auone na wakati gani.

Ndiyo maana mwaka 1995 umejaa matukio. Tarehe 25 Machi Ward Cunningham aliweka mtandaoni tovuti ya kwanza ya aina iitwayo wiki, ambayo kurasa zake huhaririwa na wasomaji wenyewe. Mwezi Mei Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku 10, lugha iliyoufanya ukurasa uweze kufanya kazi ndani ya kivinjari chenyewe. Julai Amazon ilifungua duka lake la vitabu, na wateja wakaruhusiwa kuandika maoni, hata ya kukikosoa kitabu ambacho duka lenyewe linakiuza. Septemba Pierre Omidyar alianzisha mnada ambao baadaye uliitwa eBay. Mwaka uliofuata aliuongezea utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupeana alama hadharani, kwa kuwa watu wasioonana walikuwa wakitumiana fedha na bidhaa kwa kuaminiana tu. Wakati huo GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, ilikuwa ikiwagawia watu nafasi ya bure ya kurasa zao binafsi. Neno Web 2.0 lilikuwa bado miaka kadhaa mbele, na tayari watu walikuwa wakiandika.

Kumwamini mgeni

Wiki ya Cunningham ilikuwa na wazo lililoonekana la hatari: kila ukurasa uwe na kitufe cha kuhariri, na kitufe hicho kiwe cha kila mtu. Mfano mkubwa wa wazo hilo ulitokana na mradi ulioanza kwa imani iliyo kinyume kabisa. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha Nupedia, ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo makala zake zilipitishwa kwa wataalamu katika hatua saba za uhakiki. Ilikuwa kazi ya uangalifu, nayo ilikwenda polepole mno. Mwaka mzima ulipita na makala zilizokamilika zilikuwa za kuhesabika. Tarehe 15 Januari 2001 walifungua Wikipedia kando yake, iwe mahali pepesi pa kukusanyia rasimu. Hadi mwaka huo unakwisha, rasimu zilikuwa karibu makala 20,000. Nupedia ilizimwa mwaka 2003.

Watu wengi hueleza mafanikio hayo kwa kusema kwamba umati una hekima. Sioni kama maelezo hayo yanatosha, maana umati una hasira pia, na chuki, na uvivu. Kinachofanya kazi ni kitu cha kawaida zaidi: kila toleo la kila ukurasa linahifadhiwa. Anayeharibu hutumia dakika kadhaa kuandika upuuzi wake, na anayetengeneza hurudisha toleo lililotangulia kwa kubofya mara moja. Juu ya hilo kuna orodha inayomjulisha mhariri kila mara ukurasa anaoujali unapoguswa. Kwa mpangilio huo kutengeneza kukawa rahisi kuliko kuharibu. Pahali popote pa wazi panapodumu mtandaoni pana mpangilio wa aina hii kwa namna moja au nyingine, na panapoukosa hujaa taka.

Lakini mizani hiyo inahitaji mtu wa kuangalia. Mwaka 2005 iligundulika kwamba wasifu wa John Seigenthaler, mwanahabari mkongwe wa Marekani, ulikuwa umewekewa uongo unaomhusisha na mauaji ya John na Robert Kennedy, na uongo huo ulikaa kwa takriban miezi minne bila mtu kuuondoa. Wikipedia ya Kiingereza ikawazuia wasiojisajili kuanzisha makala mpya. Wiki chache baadaye jarida la kisayansi la Nature lilichapisha matokeo ya kulinganisha makala 42 za sayansi: Wikipedia ilikuwa na wastani wa makosa manne hivi kwa kila makala, na Encyclopaedia Britannica matatu hivi. Britannica ilizipinga vikali mbinu za ulinganishi huo. Wapo waliolishika tukio la kwanza kuthibitisha kwamba uandishi wa wazi ni ghasia, na wapo waliolishika la pili kuthibitisha kwamba ni ushindi. Kwangu mimi matukio haya mawili yanasema jambo moja. Makala juu ya sayansi hutembelewa na watu wengi wanaoijua mada; wasifu wa mzee aliyestaafu huenda usitembelewe na mhariri hata mmoja kwa miezi. Ubora wa ukurasa ulio wazi hufuata idadi ya macho yanayoujali.

Kuna pia upande wa kiufundi wa kumwamini mgeni, ambao hutajwa mara chache. Ukimruhusu mtu aandike kwenye ukurasa wako, huenda akaandika programu badala ya sentensi. MySpace, mtandao wa kijamii, iliwaruhusu watumiaji wapambe kurasa zao kwa HTML, ikijaribu kuchuja amri zenye madhara. Oktoba 2005 kijana mmoja, Samy Kamkar, alipenya kichujio hicho. Yeyote aliyeutazama tu ukurasa wake aliongezwa bila kujua kwenye orodha ya marafiki zake, na ukurasa wa mtazamaji ukaambukizwa msimbo uleule ili uwaambukize wengine. Kabla ya siku moja kwisha, akaunti zaidi ya 1,000,000 zilikuwa zimenaswa, na MySpace ikalazimika kuzima huduma ili ijisafishe. Tangu hapo kila jukwaa makini huyachukulia maandishi ya mtumiaji kama kitu cha kupekuliwa kabla ya kuonyeshwa kwa mwingine.

Kinga ya mwenye jukwaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani jambo hili lilijenga wavuti ya leo kuliko teknolojia yoyote ya miaka ile, na bado wapenzi wengi wa kompyuta hulipita haraka. Mtu asiyejulikana akiandika kashfa kwenye tovuti yako, nani anashtakiwa?

Mahakama za Marekani zilitoa majibu mawili yasiyopatana. Mwaka 1991 kampuni ya CompuServe ilisamehewa, kwa kuwa haikuwa ikikagua yaliyoandikwa kwenye huduma yake. Ilionekana kama mwenye duka la vitabu asiyeweza kusoma kila kitabu anachokiuza. Mwaka 1995 mahakama ya New York iliamua kwamba Prodigy, huduma nyingine ya mtandaoni iliyokuwa ikijitahidi kuondoa matusi na kuweka kanuni za adabu, ni mchapishaji, kwa hiyo inaweza kuwajibishwa kwa madai ambayo mtumiaji mmoja aliyaandika dhidi ya kampuni ya Stratton Oakmont. Maana yake ikawa ya ajabu: ukifagia unaadhibiwa, ukiuacha uchafu unasalimika.

Bunge la Marekani lilijibu Februari 1996 kwa kifungu cha 230 cha Sheria ya Staha ya Mawasiliano. Kifungu kinasema, kwa maneno mepesi, kwamba mwenye huduma ya mtandaoni hatachukuliwa kuwa mchapishaji wa maneno ya mtu mwingine, na kwamba hataadhibiwa kwa kuondoa kwa nia njema maudhui anayoyaona hayafai. Sehemu nyingine za sheria hiyo, zilizohusu kuzuia mambo yasiyo ya staha, zilibatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1997. Kifungu cha 230 kikabaki. Kwa upande wa hakimiliki, sheria ya mwaka 1998 iliweka utaratibu mwingine: mwenye jukwaa hana hatia mradi aondoe kazi iliyoibwa anapoarifiwa. Umoja wa Ulaya ulitoa kinga inayokaribiana na hizo mwaka 2000, kwa mwenye kuhifadhi maudhui ambaye hajui kwamba ni haramu.

Fikiria wavuti isiyo na kinga hizi. Kila maoni yangepita kwanza kwa mwanasheria, na YouTube isingepokea video ya mtu yeyote bila mtu wa kampuni kuitazama hadi mwisho. Mlango ulifunguka kwa sababu mwenye nyumba aliambiwa hatashtakiwa kwa maneno ya wageni. Gharama yake wameibeba wengine: aliyekashifiwa au kutishwa na mtu asiye na jina mara nyingi hana wa kumshika, kwa kuwa mwandishi hajulikani na jukwaa limekingwa. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2022, inajaribu kusawazisha kwa kuibakiza kinga lakini kuyalazimisha majukwaa yaeleze kwa nini yameondoa kitu, yasikilize rufaa, na yale makubwa zaidi yapime hatari zinazotokana na mifumo yao.

Kasi, urahisi, na jina

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila kubofya kulimaanisha kuupakia ukurasa wote upya. Dawa ilikuwapo tangu mwaka 1999: Microsoft iliweka katika Internet Explorer 5 njia ya ukurasa kuomba data kidogo kimyakimya, ili barua pepe zisomeke kwenye kivinjari bila kila kitu kuanza upya. Wengi hawakuitilia maanani mpaka Gmail ilipotoka Aprili 2004 na Google Maps Februari 2005, ramani unayoivuta kwa kipanya nayo ikakufuata. Jesse James Garrett akazipa mbinu hizo jina la pamoja, Ajax. Umuhimu wake haukuwa uzuri wa ramani. Kitendo kidogo sana, kama kupiga kura, kuweka nyota au kuonyesha kwamba umependa, kina maana tu kikimalizika papo hapo. Nani angebofya ikiwa kila kubofya kunataka subira?

Wakati huohuo gharama zilikuwa zinaporomoka. Linux, Apache, MySQL na PHP, programu za kujengea na kuendeshea tovuti, zilikuwa za bure, kwa hiyo watu wawili au watatu waliweza kujenga kilichokuwa kikihitaji kampuni nzima. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha hifadhi na nguvu za kompyuta kwa kadiri ya matumizi. Blogger, huduma ya kuandikia blogu iliyoanza mwaka 1999, ilikuwa tayari imemwondolea mwandishi haja ya kuijua HTML. YouTube ilifanya vivyo hivyo kwa video: wewe pakia faili yako, mengine tutashughulika nayo sisi. Video yake ya kwanza, ya tarehe 23 Aprili 2005, inamwonyesha Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi, akiwa mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, na ina sekunde 19 tu. Mwaka uliofuata Google ilikubali kuinunua kampuni hiyo kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65.

Mwanzo kabisa wa zama za ramani hizo, Paul Rademacher alichukua matangazo ya nyumba ya Craigslist, tovuti ya matangazo madogomadogo, akayapachika kwenye ramani za Google bila kuombwa na yeyote. Google, badala ya kumfungia, ilitoa miezi michache baadaye njia rasmi ya watu kufanya hivyo. Wazo la kuunganisha ramani na taarifa za watu lilifikia makubwa zaidi Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya. Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walijenga Ushahidi, mahali ambapo raia walituma taarifa kwa ujumbe wa simu au kwa wavuti na zikaonekana kwenye ramani. Programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Huu ni mchango wa aina ambayo hakuna chumba cha habari kingeweza kuutoa peke yake.

Na lile jina la Web 2.0? Mwandishi Darcy DiNucci alilitumia mwaka 1999, lakini lilienea kupitia mkutano ulioandaliwa na kampuni ya Tim O'Reilly, mchapishaji wa vitabu vya kompyuta, na washirika wake huko San Francisco mwezi Oktoba 2004. Mwaka uliofuata O'Reilly aliandika insha ndefu ya kulifafanua. Hoja yake iliyodumu ni kwamba huduma bora za wavuti huwa bora zaidi kadiri watu wengi wanavyozitumia. Jarida la Time likamchagua "Wewe" kuwa mtu wa mwaka 2006. Berners-Lee, alipoulizwa mwaka huohuo, alisema kwamba jina hilo ni msamiati tu wa wanateknolojia, kwani kuwaunganisha watu ndiko wavuti ilikokusudiwa tangu awali. Naona alikuwa na haki ya kusema hivyo, ingawa O'Reilly naye alikuwa ameona kitu cha kweli: thamani ilikuwa imehama kutoka kwenye programu kwenda kwenye data ambayo watu wanaiacha humo.

Wachache wanaosema, wengi wanaosomwa

Watumiaji hawakujaza maudhui tu. Walibuni hata vyombo. Twitter ilipoanza mwaka 2006 haikuwa na namna ya kumjibu mtu kwa jina, wala ya kukusanya mada, wala ya kupeleka mbele maneno ya mwingine. Watu wenyewe walianza kuweka alama ya @ kabla ya jina. Agosti 2007 Chris Messina alipendekeza alama ya # kwa ajili ya mada. Kusambaza ujumbe wa mwenzako kulifanywa kwa kuunakili kwa mkono kabla ya kampuni kuweka kitufe rasmi mwaka 2009. Kwenye Delicious, tovuti ya kuhifadhia viungo, na Flickr, ya kuwekea picha, watu waliobandika lebo kwa hiari yao, kila mmoja kwa maneno yake, walizalisha mpangilio wa picha na viungo ambao hakuna mkutubi aliyeuchora.

Hata hivyo, wengi wape, lakini wengi hao ni nani? Mwaka 2006 mtafiti Jakob Nielsen alieleza kanuni ya jumla ya jumuiya za mtandaoni: katika kila watu 100, takriban 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye mwandishi wa sehemu kubwa ya kilichomo. Uwiano hubadilika kutoka mahali hadi mahali, ila umbo lake hujirudia. Tunaposema kwamba wavuti imeandikwa na watumiaji, tunamaanisha wachache wenye muda, ari au jambo la kuuza. Tathmini za bidhaa, mijadala, hata ensaiklopidia hubeba mwelekeo wa wachache hao.

Wale 90 nao hawajanyamaza kama wanavyodhani. Mwaka 1998 waanzilishi wa Google walionyesha kwamba kila kiungo kinachowekwa na mtu kinaweza kuhesabiwa kama kura ya ukurasa unaounganishwa; waandishi wa kurasa walikuwa wakipiga kura bila kuwa na habari. Baadaye kura hizo zikashuka hadi kwenye vitendo vidogo zaidi. Facebook ilileta mtiririko wa habari za marafiki Septemba 2006 na kitufe cha kupenda Februari 2009. Ulichobofya, ulichokitazama hadi mwisho na ulichokipita vikawa malighafi ya algoriti, yaani kanuni za kompyuta, inayoamua nini kitangulie mbele ya macho yako na ya wenzako.

Kwangu hapa ndipo neno "kushirikisha" lilipobadilika maana bila watu kutangaziwa. Anayeandika maoni anajua kwamba ameandika. Anayesita kwa sekunde mbili kwenye picha hajui kwamba ametoa maoni. Aina zote mbili za mchango huingia katika hifadhidata ileile, lakini ya pili haina mwandishi anayeweza kuirekebisha, na ndiyo iliyo nyingi. Ilipata nguvu kwa sababu ya fedha: majukwaa ni ya bure kwa mtumiaji, seva na umeme si vya bure, na pengo hilo lilizibwa na matangazo. Tangazo hulipa zaidi likimlenga mtu vizuri, na kumlenga mtu kunahitaji kumjua.

Mpangaji na hati ya nyumba

Mpangaji anaweza kupaka rangi kuta, kutundika picha na kualika wageni. Hati ya nyumba inabaki kwa mwingine. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya maandishi tunayoyaita yetu. Yahoo iliinunua GeoCities mwaka 1999 kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5, na mwaka 2009 ikaifunga nchini Marekani. Kurasa zilizojengwa kwa miaka 15 zingefutika zote kama watu wa kujitolea wasingeharakisha kunakili walizoziwahi. Mwaka 2023 Twitter iliondoa njia ya bure ambayo watengenezaji wa programu walikuwa wakiitumia kupata data yake, na Reddit, tovuti ya jumuiya za mijadala, ikaweka bei kubwa kwa njia kama hiyo. Wasimamizi wa maelfu ya jumuiya za Reddit, ambao hawalipwi mshahara, walizifunga jumuiya hizo kwa muda mwezi Juni kupinga. Kampuni haikurudi nyuma, na programu kadhaa zilizopendwa zilikufa. Yale maandishi yote yalikuwa ya wanajumuiya. Uamuzi haukuwa wao.

Majaribio ya kurekebisha hali hii yapo, na yanafaa kuangaliwa kwa makini kwa sababu kila moja linatoa kipande tu cha haki. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa mtu haki ya kudai data aliyoitoa kwa kampuni, katika muundo unaoweza kusomwa na kompyuta. Ukiitumia unapata maandishi yako na picha zako, lakini wasomaji wako hawaji pamoja nazo, na msomaji ndiye aliyekufanya ukae hapo. Januari 2018 shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliidhinisha ActivityPub, itifaki inayoziwezesha seva za wenyewe mbalimbali kupelekeana machapisho, ili mtu aliye kwenye moja amfuate aliye kwenye nyingine kama mtu anayetuma barua pepe kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Mastodon, mtandao wa kijamii unaoundwa na seva nyingi za watu mbalimbali, inaitumia. Ukihama seva ya Mastodon unaweza kuondoka na wafuasi wako, ila machapisho yako ya zamani yanabaki ulikotoka.

Itifaki ambayo Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, imejengwa juu yake ilibuniwa ili akaunti ihame na vyote viwili, utambulisho na maandishi, hata kama seva ya zamani haitaki kushirikiana. Kwenye karatasi ndilo jibu kamili zaidi kati ya yote niliyoyataja. Hadi sasa, hata hivyo, watumiaji wake walio wengi wamehifadhiwa kwenye seva za kampuni ya Bluesky yenyewe, kwa sababu ileile iliyowafanya watu wa miaka ya 1990 waikimbilie GeoCities: kuendesha seva yako ni kazi, na kuna mtu aliye tayari kukufanyia bila malipo.